Roma ya miujiza mezani: usichague mfumo kwa mazoea

Dhana: Ukijua Dungeons & Dragons, mfumo maarufu wa kanuni za michezo ya mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika, umemaliza. Ukitaka kucheza Roma ya kale, badilisha majina tu, mpiganaji aitwe akida, mchawi aitwe kuhani.

Ukweli: Majina yatabadilika, mchezo utabaki uleule. Mfumo ule umejengwa juu ya ngazi: mhusika anapanda, anakuwa mgumu kuuawa, mwishowe hana bwana wa kumtisha. Roma haikuwa hivyo. Asubuhi watu walijaa mlangoni kwa mlezi wao, seneta au tajiri, kumwamkia. Yeye aliwapa chakula au fedha kidogo na kuwatetea mahakamani, wao wakamlipa kwa kura na utiifu. Deni hilo ndilo utamu wa Roma, na kanuni zisipolitengea nafasi, wachezaji watalisahau kabla ya kikao cha tatu. Ndiyo maana mimi huanza na Mythras. Mfumo huu hutumia asilimia, na humo utiifu kwa mlezi huandikwa kwa namba kwenye karatasi ya mhusika, sawa na ustadi wake wa upanga. Siku mlezi anapomwamuru amsaliti ndugu yake, namba mbili, ya utiifu na ya upendo kwa ndugu, zinapambana, na meza nzima inanyamaza kungoja madadu.

Dhana: Bila mipira ya moto hakuna miujiza.

Ukweli: Warumi walikuwa na miujiza yao, tena inayosisimua zaidi. Huko Bath, Uingereza, vimechimbuliwa vibao vya laana takriban 130. Vingi vinamwomba mungu wa kike Sulis Minerva awaadhibu wezi. Na inasimuliwa kwamba mwaka 249 KK, kuku watakatifu, ambao ulaji wao ulionyesha kama miungu imeridhia, walipokataa kula kabla ya vita, kamanda wa Kirumi Publius Claudius Pulcher aliamuru watoswe baharini wakanywe maji. Akashindwa vibaya na Wakarthago huko Drepana, Sisilia. Katika mifumo mingi uchawi humtii anayeutamka. Tafuta kanuni zinazomruhusu mungu kukataa, na kukasirika.

Dhana: Kanuni zikiwa nyingi, Roma inakuwa halisi zaidi.

Ukweli: Kukokotoa kila pigo la upanga hakumsaidii mhusika anayesimama mbele ya Seneti. Hata hivyo GURPS, mfumo mwingine wenye kanuni tele, ina kitabu kizima kuhusu Roma ya makaisari. Kisome hata kama meza yenu inatumia mfumo mwingine.