Hewa Iliyobaki Mtungini Haisemi Nani Yuko Fiti

Nimeisikia tena juzi, safari hii kutoka kwa mtu mwenye nyota begani: "Kijana karudi na bar 160, lile jitu limerudi na 120. Si mwandike kijana namba moja tumalize?" Sikumwandika. Na kwa kuwa swali hili huja kila msimu wa majaribio ya zimamoto, naliandikia jibu hapa nipumzishe mdomo.

Geji ya mtungi wa hewa ambao zimamoto huubeba mgongoni inasoma, kwa bar, shinikizo lililobaki mtungini. Basi. Haijui umefanya kazi gani, umeifanya kwa muda gani, wala una kilo ngapi.

Kwanza hesabu ya muda, ambayo nayo huharibiwa sana. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi bar 300, ukizidisha tu, una lita 2,040. Kwa kweli ni kama 1,850, kwa sababu hewa iliyobanwa kiasi hicho haifuati tena ile kanuni nyepesi ya darasani. Gawanya kwa lita 40 kwa dakika, ile namba ipendwayo na vitabu, upate dakika 46. Toa akiba inayobaki filimbi ya kuonya kwamba hewa inakwisha inapolia, ambayo kwa vifaa vya Ulaya hulia kwenye bar 55 hivi, zinabaki kama 37. Sasa mkabidhi mtu huyo mpira uliojaa maji, mpandishe ghorofa, mwongezee joto. Lita 80 kwa dakika si jambo la kushangaza, na wapo wanaovuka 100. Zile dakika 37 zimeshakuwa 18. Marekani wameusogeza mlio wa akiba kutoka robo ya mtungi hadi theluthi katika toleo la 2013 la NFPA 1981, kiwango chao cha vifaa vya kupumulia vya zimamoto, na anayeona huo ni woga ajaribu kutafuta mlango gizani kwa robo mtungi.

Hilo halinisumbui sana, linafundishika kwa mchana mmoja. Linalonisumbua ni neno "fiti".

Kinachokusukuma uvute pumzi, kwa sehemu kubwa, ni kabonidayoksaidi inayotengenezwa na misuli. Kazi ikizidi kiwango fulani, asidi huanza kurundikana kwenye damu, na hapo pumzi hupanda upesi kuliko kazi yenyewe. Mtu fiti huchelewa kufika kwenye kiwango hicho. Kwa hiyo ni kweli: kwa kazi ileile, kwa kasi ileile, mtu fiti hutumia hewa kidogo kuliko alivyokuwa akitumia kabla hajajifua. Watu wameshika nusu ya sentensi hiyo, ile "kwa kasi ileile" wakaiacha mlangoni. Kwenye uwanja wa mazoezi hakuna anayekwenda kwa kasi ya mwenzake.

Chukua watu wawili kwenye mzunguko mmoja: kuburuta mpira, ngazi, kisha kumtoa mdoli wa uokoaji. Wa kwanza anamaliza kwa dakika 8 na ametumia bar 110. Wa pili anamaliza kwa dakika 12 na ametumia 120. Mtungi ni uleule wa lita 6.8. Kwa hesabu ya haraka, wa kwanza amevuta lita 93 na ushee kila dakika, wa pili 68. Ukisoma kwa dakika, wa kwanza ni mlafi wa hewa. Ukisoma kwa kazi, yeye ndiye aliyetumia hewa kidogo, na majeruhi wake yuko nje dakika 4 mapema. Nimeona fomu zenye safu moja tu, ya lita kwa dakika, na watu wazuri wakipewa alama za chini kwa sababu walikimbia.

Halafu kuna umbo. Mwili mkubwa hula oksijeni nyingi hata ukiwa umesimama tu, na mapafu makubwa huvuta pumzi kubwa. Yule jitu wa juzi alimburuta mdoli kwa mshiko mmoja bila kupumzika. Kijana alisimama mara kwa mara kubadilisha mikono. Nani yuko fiti? Geji haina jibu.

Wajanja nao wapo. Mtahiniwa akishajua kwamba anapimwa kwa hewa, anaanza kubana pumzi. Anavuta, anashika, anaachia kidogo. Kabonidayoksaidi inajaa, kichwa kinamgonga, na baada ya muda mwili unadai deni lake kwa kuhema kama mtu aliyekimbizwa. Ukimwona amekaa chini ameshika paji la uso huku geji yake inapendeza, usimpongeze. Pumzi ndefu za kutoa taratibu, hata zile za kutoa huku ukiguna, ni ujuzi halali kwa aliyenaswa na anasubiri wenzake. Ujuzi huo si ufiti, na kwenye ngazi hausaidii kitu.

Na mtungi wa moto, jamani. Mtungi ukijazwa haraka hupata joto. Usome 300 ukiwa na nyuzi 50, uuache upoe hadi 20, utakuta kama 272. Bar 28 zimepotea bila mtu kuvuta hata pumzi moja. Ni karibu lita 190. Anayepewa mtungi uliotoka kwenye kompresa sasa hivi ataandikiwa hewa ambayo hakuila. Barakoa inayovuja nayo ni hivyohivyo, kwa kuwa vifaa vya shinikizo chanya humwaga hewa nje kupitia kila mwanya. Wenye ndevu, mnajijua.

Ufiti wenyewe upimwe peke yake. Kipimo kinachotajwa sana ni mwili kuweza kutumia mililita 42 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika, na kina sababu nzito: karibu nusu ya vifo vya zimamoto wakiwa kazini Marekani, kwa miaka mingi, vimekuwa vya moyo. Lakini hapa niseme kinachonikera hata mimi. Jaribio la kupanda kidato hukadiria namba hiyo kutokana na mapigo ya moyo, na mapigo hupandishwa na joto, na usiku wa kukesha, na hata kumwogopa mpimaji. Pia tunagawanya kwa kilo za mtu, ilhali mpira wa maji haupungui uzito kwa sababu aliyeubeba ni mwembamba. Kwa kazi ya mizigo ningependa tuangalie lita nzima za oksijeni kwa dakika kando ya ile ya kwa kilo. Bado sijui mstari wa kufaulu niuchore wapi, na ninaowaona wakiuchora kwa kujiamini hawajanishawishi.

CPAT ya Marekani, jaribio la uwezo wa mwili kwa wanaoomba kazi ya zimamoto, yenye kikomo cha dakika 10 na sekunde 20, huvalisha mtahiniwa fulana ya kilo 22 na nusu hivi badala ya mtungi. Hapumui kupitia barakoa hata kidogo. Ni jaribio zuri la nguvu na stamina, ila atakayelitumia kukisia hewa atakisia hewani.

Ninachoandika mimi ni muda wa mzunguko, lita kwa mzunguko mzima, lita kwa dakika, uzito wa mtu pamoja na vifaa, na kama ni mara yake ya kwanza kwenye mzunguko huo. La mwisho hulidharau wengi, lakini mara ya pili hewa hupungua kwa sababu mtu ameshaijua njia, hata kama hajafanya zoezi lolote katikati. Kisha naipeleka lita kwa dakika kwa anayepanga jozi, si kwa anayetoa alama, kwa kuwa wawili wakiingia pamoja hutoka kwa geji ya yule anayemaliza mapema.