Kansa ya puani yenye sura nyingi: usisaini ripoti kabla hujakitafuta kirusi

Mgonjwa mara nyingi anakujaga hivi, pua imeziba upande mmoja, miezi inaenda, akipenga kamasi damu inatoka kidogo kidogo, ameshapewa dawa za mafua, dawa za aleji, antibaotiki raundi mbili tatu na haifunguki. Upande mmoja. Hapo ndo pa kushtuka, maana aleji kwa kawaida haichagui tundu. Daktari wa masikio, pua na koo akiingiza kamera anakuta nyama imejaa, anakata kipande, anakitia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, na ndo kinafika kwangu maabara.

Sasa nikiweka slaidi kwenye hadubini naona seli za bluu nzito zimejipanga visiwa visiwa, ndani yake vitundu kama chekecheke, seli zinagawanyika kwa kasi, kuna sehemu zimeshakufa kabisa. Jina la kwanza linalokuja kichwani kwa patholojisti yeyote, daktari wa kusoma vipande vya nyama kwa hadubini kama mimi, ni adenoidi sistiki kasinoma, ile kansa ya tezi za aina ya tezi za mate. Hilo jina zito jamani. Kansa hiyo inatambaa kwenye neva, inaenda mapafuni, na inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi na zaidi. Ukimpa mtu jina hilo umempa na hofu ya maisha yake yote.

Miaka ya nyuma niliwahi kumpa mama mmoja jina hilo, na nilikosea.

Kilichonirudisha kwenye slaidi yake ni juu kabisa ya kipande, ule utando unaofunika pua kwa ndani. Nilikuwa nimeupita harakaharaka kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye uvimbe. Kuutazama vizuri, seli za utando zenyewe zilikuwa zimeshaharibika, zimevurugika kama tunavyoona kwenye mlango wa kizazi wa mtu mwenye HPV, kirusi kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi. Adenoidi sistiki haina kawaida ya kufanya hivyo, inaanzia kwenye tezi chini, haishiki utando wa juu namna ile.

Mwaka 2013 Justin Bishop, William Westra na wenzao wa chuo kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, walieleza uvimbe wa hivi hivi, unaofanana na adenoidi sistiki lakini ndani yake kuna HPV, na wote ulitokea puani na kwenye sainasi, vile vyumba vya hewa vinavyoizunguka pua, tu. Mwaka 2017 wakaleta wagonjwa 49, wanawake 28 na wanaume 21, na wakaubadilishia jina, ukaitwa kansa ya sura nyingi, kwa sababu ndani ya uvimbe mmoja unakuta seli za aina ya mifereji ya tezi, seli zinazofanana na misuli zinazozunguka tezi na seli bapa zile za kwenye utando. Na jambo lililonigusa zaidi ni hili: kwa sura ni kansa kali kweli, ila kwenye wale waliofuatiliwa theluthi hivi ndo ilirudi palepale puani, wawili tu ilisambaa mbali, na hakuna aliyekufa kwa uvimbe huo.

Kwahiyo vipimo. Tunaanza na p16, protini tunayoitafuta kwa kupaka slaidi rangi, na kwenye kansa hii inashika kahawia karibu seli zote. Lakini usiishie hapo hata kidogo, p16 ni moshi tu, inaweza kuwaka kwenye uvimbe ambao hauna kirusi chochote. SOX10 na S100, protini nyingine tunazozipaka rangi hivyo hivyo, nazo zinashika kwenye kansa zote mbili, hazitenganishi. Kinachotenganisha ni kukitafuta kirusi chenyewe ndani ya seli, kipimo cha kunasa RNA ya HPV, yaani ujumbe wa vinasaba vya kirusi, papo hapo kwenye slaidi. Na hapa kuna mtego: kirusi kinachoonekana mara nyingi kwenye kansa hii ni aina ya 33, siyo 16 wala 18, kwahiyo kama kipimo chako kinatafuta 16 na 18 peke yake jibu litarudi hakuna, na utaamini. Ulizia kabla hujatuma. Ukiweza, angalia na jeni la MYB, likiwa limevunjika na kuungana na lingine basi rudi kwenye adenoidi sistiki.

Sisi kipimo cha RNA hatukuwa nacho, nikatuma bloku la nta, kile kipande chake kilichogandishwa kwenye nta, maabara nyingine, nikakaa wiki kadhaa roho juu, majibu yakarudi HPV 33 ipo. Niliomba nikae na yule mama mwenyewe, nikamwambia niliandika jina lisilo sahihi. Aliponyamaza muda mrefu nikajua anawaza nini, akauliza, "Daktari, kwahiyo mume wangu ndo kanipa?" Nikamwambia hapana mama, usiende nyumbani na neno hilo, HPV inapita kwa watu wengi sana bila wao kujua na hakuna kipimo cha kusema nani kampa nani wala lini.

Miaka mitatu baadaye kipande chake kikaja tena mezani. Ilikuwa imerudi kwenye ukuta uleule wa pua, seli zilezile, kahawia ileile. Ikakatwa yote, na CT skani ya kifua ilikuwa safi.