Je, wajua kwa nini seli za sola za perovskaiti huchoka hata zisipoguswa na maji?

Ukiuliza kwa nini seli za perovskaiti, yaani zinazotumia fuwele ya jina hilo kugeuza mwanga kuwa umeme, hazidumu kama za silikoni zilizozoeleka, mara nyingi utajibiwa kuwa ni unyevu. Kweli, maji huivunja fuwele yake. Lakini jibu hilo linatufanya tudhani kwamba kioo na gundi imara vinatosha. Seli hizi zimeshafungwa hivyo, bila unyevu wala hewa kupenya, na bado zikikaa juani umeme wake hupungua. Basi adui mwingine yumo ndani.

Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walipata seli ya aina hii yenye ufanisi wa asilimia 3.8, yaani sehemu ya nishati ya mwanga inayogeuzwa kuwa umeme. Leo zile za maabara zimevuka asilimia 26, na zikipangwa juu ya silikoni hupita 34.

Fuwele hii, ambayo kwa kawaida ina madini ya risasi na ioni (chembe zenye chaji) za iodidi, hutokana na mchanganyiko wa majimaji unaopakwa na kupashwa moto kidogo tu. Silikoni, kwa upande wake, huyeyushwa kwa zaidi ya nyuzijoto 1,400. Wepesi huo una gharama: vifungo vya fuwele ni laini, na mapengo hubaki pale iodidi ilipopaswa kukaa. Fikiria ukumbi uliojaa watu, kiti kimoja kikiwa kitupu. Jirani akihamia hapo, kiti chake hubaki wazi, na mwingine naye husogea. Kiti kitupu kimoja kinatosha kuwahamisha watu wa safu nzima. Ukumbi ukijaa kabisa, hakuna wa kuhama.

Mwanga na joto huongeza kasi ya uhamaji huo. Ioni hurundikana kwenye mipaka ya tabaka na kuzuia umeme usipite vizuri. Nyingine hufika kwenye elektrodi ya fedha, tabaka linalotoa umeme nje ya seli, na kuila. La ajabu ni kwamba gizani baadhi ya ioni hurudi mahali pake, na seli hurejesha sehemu ya nguvu iliyopotea. Kwa hiyo jaribio la taa isiyozimwa halitabiri moja kwa moja maisha ya paneli inayopata mchana na usiku.

Linalonivutia zaidi ni kwamba kasoro za fuwele, hasa za usoni na mipakani, hunasa pia elektroni kabla hazijatoka kufanya kazi. Ndiyo maana kuziziba, kwa mfano kwa chumvi maalumu zinazopakwa juu ya fuwele, huweza kuongeza ufanisi na uimara kwa pamoja. Watafiti pia hupunguza methilamonia, kiambato cha fuwele ambacho joto hukifukuza kwa urahisi, na badala yake kutumia formamidini na sesiamu.

Kipimo kimoja cha uimara kinachotumika sana ni kuiweka paneli kwa saa 1,000 kwenye nyuzijoto 85 na unyevu wa asilimia 85. Kukipita ni hatua kubwa, ila saa hizo hazifiki hata siku 42, nazo paneli za silikoni huuzwa kwa dhamana ya miaka 25.