Saratani ya kibofu iliyowahiwa: BCG na maudhi yake

Uvimbe umeshakwanguliwa wote. Dawa ya nini tena?

Saratani ambayo haijaingia kwenye misuli ya kibofu huondolewa kwa kifaa kinachopitishwa njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Shida yake ni kurudi. Mwenye hatari ndogo huenda akawekewa dozi moja tu ya kemo (dawa ya kuua seli za saratani) kibofuni ndani ya saa 24. Mwenye hatari kubwa huwekewa BCG. Ndiyo, vijidudu vilevile vya chanjo ya kifua kikuu inayowaachia watoto kovu mkononi. Vimedhoofishwa, lakini ni hai, na huamsha kinga ya mwili kibofuni. Huwekwa mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha marudio kwa mwaka mmoja hadi mitatu.

Si bora kemo, maana ni nyepesi?

Kwa hatari ya wastani, inajadilika. Kwa hatari kubwa, BCG huzuia vizuri zaidi.

Mkojo unachoma, chooni siondoki. Wanipunguzie dozi?

Ombi hili ni la kawaida, ila utafiti mkubwa wa Ulaya ulijaribu theluthi ya dozi na maudhi hayakupungua. Kuchoma, damu kidogo na homa ndogo huisha kwa siku moja au mbili. Yakizidi, daktari anaweza kukupa dawa au kuchelewesha dozi inayofuata.

Basi cha kuogopa ni kipi?

Vijidudu kuingia kwenye damu. Hutokea kwa nadra, hasa kibofu kikiwa na kidonda. Ndiyo maana BCG haiwekwi kabla ya wiki mbili kupita tangu upasuaji, wala ukiwa unakojoa damu, una maambukizi ya mkojo yenye dalili, au mpira wa kuwekea dawa umepita kwa shida ukatoa damu. Wapo wanaonyamaza wakihofia nauli kupotea. Mwambie nesi kabla hajaweka dawa.

Ukitetemeka kwa baridi kali, au homa ikipita 38.5 na isishuke kwa siku mbili, nenda hospitali na useme wazi kwamba uliwekewa BCG. Usiposema, huenda wakapima malaria tu na kukurudisha nyumbani.

Na choo cha nyumbani?

Dawa hubanwa kibofuni kwa muda wa kama saa mbili. Kwa saa sita zinazofuata, kojoa umekaa au umechuchumaa, hata mwanamume, usirushe matone. Mwaga jiki, subiri dakika 15, ndipo umwage maji. Wiki hiyo, tendo la ndoa ni kwa kondomu.