Kwa nini nywele zilizochomwa hurudi zikipata maji?

Jumamosi jioni, jiko la mkaa liko uani na kitana cha chuma kiko juu ya makaa. Shangazi anakitoa, anakigusisha kwenye kipande cha gazeti. Gazeti likigeuka kahawia, anakiacha kipoe kwanza. Kisha anakukunja sikio na kukwambia usitikisike. Saa moja baadaye nywele za kipilipili zimelala mabegani kama za singa. Kesho yake, manyunyu ya dakika tano tu njiani, na zote zimerudi.

Zinarudi kwa sababu kitana hakikugusa kile kinachozikunja.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi zake zimeshikana kwa vifungo. Viko vya salfa, ambavyo ni imara. Viko na vya haidrojeni: kimoja kimoja ni dhaifu, lakini ni vingi mno, na kwa wingi wao ndivyo vinavyoshikilia umbo la unywele mkavu. Joto huvifungua, na maji pia. Kitana cha moto kikipita, vinaachia, meno yanauvuta unywele, na ukipoa vinajifunga upya ukiwa umenyooka. Maji yakiingia vinaachia tena, na safari hii hakuna wa kuuvuta. Vifungo vya salfa vinaurudisha kwenye mkunjo wake wa kuzaliwa. Hata jasho au unyevu wa hewa ya Pwani unatosha. Mafuta yanayopakwa kabla ya kuchoma huchelewesha tu.

Shati la pamba nalo lina vifungo vya haidrojeni. Ndiyo maana tunalinyunyizia maji kabla ya kupiga pasi: maji yanalegeza, pasi inakausha likiwa limenyooka. Ukitoka jasho, mikunjo inarudi.

Bibi zetu waliijua kazi hii bila moto. Nywele zilizooshwa zinachanuliwa kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kwenda kwenye shina ili mafundo yasisukumwe yakakaza, kisha zinazungushiwa uzi mweusi kwa kubana. Zikikaukia ndani ya uzi, ukifungua zimerefuka. Vifungo ni vilevile, joto halipo, na kwa maoni yangu hakuna njia ya kunyoosha iliyo salama kuliko hiyo.

Wengi humtaja Madam C. J. Walker wa Marekani, aliyezaliwa 1867, kuwa ndiye aliyebuni kitana cha moto. Vitana hivyo vilikuwepo kabla yake. Yeye alisaidia kuvieneza.

Dawa ya nywele ni habari nyingine, kwa kuwa inavunja vifungo vya salfa vyenyewe. Nywele zilizowekwa dawa hazirudi kwa maji. Kinachoonekana baada ya miezi michache ni mizizi mipya iliyoota na mkunjo wake.

Na moto ukizidi, hata kitana huharibu. Keratini yenyewe inaungua, na harufu yake ukishaisikia hutaisahau. Jaribu kulowesha fungu dogo la nywele unazozichoma mara kwa mara. Zikijikunja, bado nzima. Zikibaki zimening'inia kama kamba wakati zinazozizunguka zimejikunja, hizo zimeungua, na hakuna mafuta yatakayozirudisha. Zinakatwa, na unasubiri nyingine ziote.