Moyo kushindwa kufanya kazi baada ya kujifungua: maana yake

Mzazi yuko wiki ya tatu ya arobaini yake. Mtoto kalala, ila yeye hawezi. Akijilaza tu, pumzi inakata. Anaongeza mto wa pili, wa tatu, mwisho anausubiri usingizi akiwa ameegemea ukuta. Wakubwa wanamwambia, "Ndiyo uzazi huo, mwanangu." Siyo. Huenda ni moyo.

Moyo kushindwa hivi ni hali inayompata mwanamke ambaye hakuwa na ugonjwa wa moyo hapo kabla: mwezi wa mwisho wa mimba, au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, misuli ya moyo inalegea na moyo unatanuka. Mtaani wengi husema "moyo mkubwa". Kila pigo, chumba cha kushoto husukuma chini ya asilimia 45 ya damu iliyomo, wakati moyo wenye afya huvuka nusu. Damu isiyosukumwa hurudi nyuma, maji yanajaa mapafuni. Ndiyo maana kulala chali kunakuwa adhabu.

Ugumu ni kwamba uchovu na miguu kuvimba ni mambo ya mimba pia. Lakini uvimbe wa kawaida hupungua siku baada ya siku ukishajifungua. Ukizidi, ukaja na kikohozi cha usiku na moyo kwenda mbio hata umekaa, usingoje arobaini iishe. Ukifika hospitali, taja tarehe uliyojifungua kabla ya kutaja kikohozi, la sivyo utatibiwa kifua peke yake. Kipimo kinachoonyesha ukweli ni eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Walio hatarini zaidi ni wenye presha ya mimba (140/90 na kuendelea), waliopata kifafa cha mimba, wenye mapacha na waliovuka miaka 30. Hata hivyo, binti mwenye mimba ya kwanza naye humpata. Kinga kamili haipo. Kuna kupima presha, na hapa ndipo ninapoumia: kliniki mtoto anapimwa uzito na kuchanjwa, mama anarudi nyumbani bila kuvishwa hata mkanda wa presha. Omba upimwe presha.

Kwa dawa, mioyo mingi hupata nafuu, mara nyingi ndani ya miezi 6. Ila mimba nyingine inaweza kuuangusha tena, hata uliokwisha kupona. Ambao haujapona, mimba hiyo inaweza kuua. Hayo yazungumzwe na daktari, mume akiwepo, pamoja na njia ya uzazi wa mpango: kitanzi au kipandikizi, si vidonge vyenye estrojeni, kwa kuwa hivyo huongeza hatari ya damu kuganda.