Kuungua, makala na moshi: yanayosemwa Goma na yanayotokea ndani ya seli

«Akiungua, mpake dawa ya meno.» Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, utausikia ushauri huu karibu kila mtoto anapomwagikiwa uji au kuangukia mbabula, yaani jiko la makala (mkaa). Wengine hupaka mawese, wengine yai. Nyuma yake kuna imani kwamba ngozi iliyoungua imeshakufa yote, kilichobaki ni kuifunika. Si kweli, na imani hiyo inawaachia watoto wetu makovu ambayo yangeweza kupungua.

Pale joto lilipokolea, seli hufa papo hapo, protini zake zikaganda. Lakini kuzizunguka zipo nyingine zilizojeruhiwa tu. Damu huzifikia kwa shida, na kuishi au kufa kwao huamuliwa ndani ya saa 24 hadi 48 zinazofuata. Hizo ndizo za kuokoa. Maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 huondoa joto ambalo bado linapenya chini ya ngozi, na hufaa hata saa mbili zikishapita. Mafuta hulizuia joto hilo lisitoke. Barafu nayo hubana mishipa midogo, ikazinyima seli hizo hata damu kidogo zilizokuwa zikipata. Najua bomba la mtaani halitoi maji kila siku. Basi mimina ya bidoni, safi, polepole, bila kungoja, halafu mpeleke mtoto hospitali.

«Makala yakishashika vizuri hayana moshi, unaweza kulala nayo ndani.» Hili linaua. Usiku wa baridi mbabula huingizwa chumbani, dirisha likafungwa. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Nguvu yake ya kushikamana na hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, inaipita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Seli ikikosa oksijeni, mitokondria zake hushindwa kutengeneza nishati, pampu zinazotoa sodiamu nje husimama, maji huingia na seli huvimba. Mpaka hapo bado inaweza kurudi katika hali yake. Ikicheleweshewa oksijeni, utando wake hupasuka, kalisi (kalsiamu) huingia kwa wingi, na hakuna dawa ya kuirudisha. Seli za ubongo hustahimili dakika chache tu, za moyo kama dakika 20 hadi 30, za misuli ya mguu saa kadhaa. Kwa hiyo watu wa nyumba moja wakianza kuumwa kichwa na kichefuchefu pamoja, watoeni wote nje kwanza. Maziwa ambayo wengine huwanywesha hayaiondoi gesi hii kwenye damu. Huondolewa na hewa safi na oksijeni ya hospitali. (Mazuku ni jambo lingine: hiyo ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, nayo si pepo kama wengine wanavyodhani.)

«Mama amepika na makala miaka yote, ameshazoea moshi.» Kweli amezoea, na mazoea hayo yana gharama. Seli za njia ya hewa zina vinywele vinavyosukuma makohozi na vumbi kwenda juu. Zikichokozwa na moshi mwaka baada ya mwaka, nafasi yao huchukuliwa na seli bapa, ngumu, zinazovumilia moshi lakini hazina vinywele. Makohozi hubaki chini, kikohozi hakiishi. Moshi ukikoma mapema, hali hii inaweza kurekebika. Ukiendelea, hapo ndipo saratani inapoweza kuanzia.

Seli huzoea mzigo pia. Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hukaza misuli kwa sababu kila seli ya msuli inanenepa. Moyo wa mwenye presha hunenepa vivyo hivyo, na wapo wanaouita moyo wenye nguvu. Sivyo: mishipa midogo haiongezeki kulingana na unene huo, seli hubaki na njaa ya oksijeni, na baada ya muda moyo hushindwa kusukuma damu.

Na wanaodhani kila seli inayokufa ni hasara, watazame vidole vyao. Tumboni mwa mama vilikuwa vimeunganishwa na ngozi. Seli za katikati zikajiua kwa mpangilio, bila uvimbe wala maumivu. Kifo hicho John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikiita apoptosi mwaka 1972, na mabilioni ya seli zetu hufa hivyo kila siku. Seli ya saratani ni ile iliyokataa kufa kwa namna hiyo.